Tezi ya Boti ya Alumini: Kubadilisha Ubao Uliooza

Kabla ya kufungua bolti hata moja, ijaribu tezi, yaani ule ukuta wa nyuma wa boti unaobeba injini. Boti iwe nchi kavu na imekaa imara, injini imefungwa mahali pake na kushushwa kama inavyokaa majini. Shika mguu wa injini chini, karibu na propela, uvute kisha uusukume bila kutumia mabavu, huku mwenzako akitazama pale juu klampu zinapoiuma tezi. Bati likipinda, likitoa mlio wa kusagika, au maji ya kahawia yakichuruzika kwenye tundu la bolti, ubao wa ndani umeoza. Tezi iliyo nzima haichezi. Ukiisukuma injini, boti yote ndiyo inayotikisika.

Kuna wanaoshangaa kusikia kwamba boti ya alumini ina ubao ndani. Boti hizi ndogo, kama zile za chini bapa zinazotembeza watalii kwenye mto Rufiji, zina bati lenye unene wa milimita chache tu. Bati hilo linatosha kukata maji, lakini peke yake haliwezi kubeba injini inayoning'inia nyuma usiku na mchana, inayosukuma boti mbele, kuivuta kinyumenyume na kurukaruka kwenye kila wimbi. Injini ya nguvu farasi 15 peke yake ni mzigo wa kilo 35 hadi 55 hivi, kutegemea aina. Kwa hiyo kiwandani tezi hujazwa plaiwudi nene, mara nyingi karibu milimita 38, ikabanwa kati ya bati la nje na bati au mabano ya ndani, na juu ikavishwa mkanda wa alumini.

Maji hayapenyi bati. Yanapita kwenye matundu: ya bolti za injini, ya skrubu za vishikio, ya kile kijibomba cha kutolea maji kule chini, na ya kipima kina ambacho mwenye boti wa kwanza alikipachika kwa skrubu mbili bila kuzipaka kitu. Yakishaingia hayatoki, maana ubao umefunikwa pande zote, jua haliuoni wala upepo haupiti. Tabaka za plaiwudi zinaachana, kuvu inajilia, na bolti zinabaki zikibana kitu kilicholainika kama ugali. Mwenye boti akikaza nati, nati inadidimia, tundu linapanuka na maji yanazidi. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye matundu kuliko kwenye ubao wenyewe. Kukata plaiwudi, seremala yeyote ataweza. Tezi mpya inayooza tena baada ya misimu michache, ukiifungua utakuta uozo umeanzia tunduni.

Kama lile jaribio la kwanza limekuacha na shaka, toboa kwa upande wa ndani, kwa biti ya milimita 4, mahali pawili au patatu, ukianzia chini karibu na kijibomba cha maji na kwenye pembe mbili za chini. Uozo hupenda kuanzia huko. Tazama unga unaotoka na biti. Ukiwa mkavu na wenye rangi ya mbao, uko salama, na vitundu hivyo utaviziba kwa epoksi. Ukiwa mweusi, umelowa na unanuka uyoga, hakuna dawa ya kumwagia itakayourudisha ubao. Kuna watu hutoboa matundu mengi na kumimina gundi ya maji maji wakitumaini itashika kila kitu ndani. Ubao uliolowa haunywi gundi. Mtindo huo unakununulia muda mfupi na kuifanya kazi halisi kuwa ngumu zaidi siku utakapolazimika kuifanya.

Likague na bati lenyewe, hasa kwenye pembe za juu na kuzunguka bolti za injini, kama lina nyufa. Ufa mdogo hukomeshwa kwa kutoboa kitundu kwenye kila ncha yake usiendelee kutembea, kisha ukafunikwa kwa kipande cha bati la alumini kwa ndani, na ribiti na gundi ya kuziba katikati. Ufa mrefu unahitaji kuchomelewa, na hapo usimpelekee fundi wa mageti. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini ngozi nyembamba ya oksaidi iliyoifunika haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,000. Mashine ya kawaida ya kuchomelea madirisha itatoboa bati kabla ya kuiondoa ngozi hiyo. Tafuta mwenye mashine ya gesi ya agoni aliyezoea alumini, na umpelekee boti ubao ukiwa umeshatoka. Ubao ulio nyuma ya bati utaungua na kuharibu weldingi.

Kabla ya kubomoa, toa tangi la petroli na betri, uviweke mbali na mahali utakapotumia drili na grenda. Injini ishushwe na watu wawili. Piga picha kila hatua kwa simu, pamoja na mambo unayodhani hutayasahau: mkanda wa juu ulikaaje, bolti ipi ilikuwa ndefu, mabano ya pembeni yaliingia chini au juu ya mdomo wa boti. Pima upana wa tezi juu na chini, kimo cha katikati, na mwinamo wake, kwa sababu tezi haisimami wima. Huinama kidogo kwenda nyuma, na ukingo wa juu wa ubao mpya utapaswa kuchongwa kufuata mwinamo huo. Kisha funga mbao moja imara ya kuvuka kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, karibu na tezi. Ukishatoa ubao wa ndani, mbavu za boti nyembamba huwa na tabia ya kufunguka, na kuzirudisha ni kazi ya kuudhi.

Toa bolti, kisha mkanda wa juu, kisha mabano ya pembe. Ribiti hutolewa kwa kutoboa kichwa chake tu, kwa biti yenye unene wa shina la ribiti, mpaka kichwa kibanduke. Kilichobaki kigongwe kitoke upande wa pili. Ukizamisha biti bila kulenga utapanua tundu la bati, na utalazimika kutumia ribiti kubwa zaidi. Ukikuta povu la plastiki chini ya benchi za nyuma, lihifadhi. Hilo ndilo linaloifanya boti ielee hata ikijaa maji. Kama limelowa na kuwa zito, libadilishe na jingine, lakini usiirudishe boti majini bila povu.

Ubao mzee unaweza kutoka mzima au kwa patasi, kipande kipande. Usivitupe vipande hivyo. Vipange chini uvipatanishe, uchore umbo lake kwenye boksi la kadibodi, ukate, kisha uijaribu kadibodi ndani ya boti mpaka ikae bila kulazimishwa. Huu ni muda wa bei rahisi kuliko wote katika kazi hii, kwa hiyo usiuharakishe.

Ukishautoa ubao utakuta unga mweupe nyuma ya bati, na pengine vishimo vidogo. Hiyo ndiyo kutu ya alumini. Alumini hujilinda yenyewe ikipata hewa. Ikigandamizwa na mbao iliyolowa miaka mingi, inalika. Sugua kwa brashi ya waya ya stenlesi au kwa msasa. Usitumie brashi ya chuma iliyokuwa ikisugua mageti, wala jiwe la grenda lililokata nondo, kwa sababu chembe za chuma hubaki zimenasa kwenye alumini na kuanza kutu humo humo. Osha kwa maji baridi mengi, hasa kama boti inafanya kazi baharini, kisha acha ikauke kabisa. Unapochora mahali pa kukata au kutoboa, tumia kalamu ya rangi. Risasi ya penseli ni kaboni, na kaboni ikiachwa juu ya alumini yenye unyevu huila pole pole. Mafundi wa ndege wanakatazwa kuitumia kwa sababu hiyo hiyo.

Ziba sasa matundu yote ambayo huyahitaji tena. Vishimo vilivyopenya hadi nje vijazwe epoksi. Matundu makubwa yapate kipande cha alumini na ribiti. Paka rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini. Rangi ya kawaida ya mafuta haiishiki alumini tupu, na ile ya kuzuia makombe yenye shaba ndani yake isiguse boti hii kabisa.

Sasa ubao, na hapa pesa hupotea kirahisi. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam ukaomba marini bodi, utapewa ubao wa kahawia unaong'aa pande zote mbili, ule wa kumwagia zege. Jina lisikudanganye. Umetengenezwa ustahimili zege mara kadhaa kisha utupwe, ndani mara nyingi una mianya kati ya tabaka, na ile ngozi inayong'aa haishiki gundi mpaka uikwangue yote. Plaiwudi ya kweli ya boti ina tabaka nyingi nyembamba zisizo na mianya, na gundi isiyoachia kwenye maji. Iliyo bora hupigwa muhuri wa BS 1088. Ukikosa yenye muhuri, tafuta plaiwudi ya nje iliyo nzuri, uitazame ubavuni kama ina matundu, kisha ukate kipande kidogo ukichemshe kwenye sufuria saa moja au mbili. Kikiachana tabaka, umeokoa boti kwa gharama ya mkaa kidogo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Usitumie mbao za dawa. Zile za rangi ya kijani kijani zinazouzwa kwa ajili ya mapaa zimetiwa dawa yenye shaba, na shaba, alumini na maji vikikutana vinafanya kazi kama betri; alumini ndiyo inayoliwa. Mtu anachagua mbao ya dawa akidhani anaishinda kuvu, na baada ya muda anakuwa na ubao mzima na bati lenye matundu. Kwenye maji ya chumvi ya Tanga au Mafia huenda haraka, lakini hata maji baridi ya Ziwa Viktoria hayatakusamehe. Marekani, ambako boti za namna hii zimejaa kila ziwa, kosa hili limeharibu nyingi.

Fundi wa majahazi atakushauri uweke ubao mmoja mnene wa mvule au msaji. Namheshimu, na kwenye chombo cha mbao yuko sahihi. Lakini ubao wa mti mmoja hutanuka na kusinyaa kwa upana, na unaweza kupasuka kufuata nyuzi pale pale bolti za injini zinapovuta. Plaiwudi nyuzi zake zinakatana, kwa hiyo inavutwa kila upande bila kupasuka. Mimi ningechagua plaiwudi mbili za milimita 18 au 19 zilizogundishwa, mradi upime kwanza unene wa ubao mzee. Ikizidi hata kidogo, mkanda wa juu hautaingia.

Gundi iwe epoksi. Wauza faiba watakuelekeza kwenye resini ya poliesta kwa kuwa ni nafuu, nayo inafaa kwenye boti za faiba, ila haiishiki mbao kama epoksi na huanza kubanduka mbao inapotanuka. Isitoshe, huyeyusha povu jeupe la plastiki. Changanya epoksi na hadina kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, usikisie. Kuongeza hadina hakuharakishi epoksi, kunaiharibu. Kwenye joto letu mchanganyiko huwahi kushika, kwa hiyo changanya kidogo kidogo na uumimine kwenye sinia bapa. Ukiuacha kwenye kopo utapata moto wenyewe, ufuke moshi na kuganda mkononi. Vaa glavu. Ngozi ikishaanza kuikataa epoksi, huikataa maisha. Iliyokumwagikia ifute, kisha osha kwa sabuni na maji, si kwa thina.

Kata mbao zote mbili kwa kadibodi yako, zijaribu ndani ya boti, kisha zipake epoksi nyembamba nyuso zitakazokutana. Juu yake paka epoksi iliyokolezwa kwa unga laini wa mbao hadi iwe nzito isiyodondoka, uzibane kwa klampu au kwa mawe na madebe ya maji juu ya sakafu iliyonyooka, ukitandika nailoni chini. Usibane mpaka gundi yote itoke pembeni. Ikionekana mstari mwembamba kuzunguka ukingo, inatosha. Zikishika, chonga kingo na mwinamo wa juu. Kisha paka tabaka tatu za epoksi pande zote, ukianza na kingo, ambako nyuzi zimekatwa na hunywa kuliko kwingine. Tabaka ya kwanza paka alasiri, jua linaposhuka. Asubuhi hewa iliyo ndani ya mbao hupanuka kadiri joto linavyopanda na kusukuma mapovu kwenye epoksi. Jioni husinyaa na kuivuta epoksi ndani. Ikilala usiku mzima, kesho yake ioshe kwa maji na uipige msasa kidogo kabla ya tabaka nyingine, maana huacha utelezi wa mafuta mafuta juu yake.

Matundu sasa. Njia ya kawaida ni kutoboa ubao mpya kwa kipimo cha bolti, kupaka silikoni na kukaza, na njia hiyo ndiyo inayoozesha, kwa sababu ndani ya tundu mbao imebaki uchi. Fanya hivi. Ukiwa umeuweka ubao mahali pake, weka alama za matundu yote kupitia bati, kisha uutoe. Kwa bolti ya milimita 10 toboa tundu la 16, safisha unga, paka epoksi nyembamba ndani mpaka mbao inywe, bandika utepe upande mmoja na ujaze tundu lote kwa ile epoksi nzito. Ikishakuwa jiwe, toboa katikati yake tundu la milimita 10. Bolti sasa inapita ndani ya bomba la epoksi, na hata gundi ya nje ikichoka, maji yatakayoingia hayatakutana na mbao. Fanya hivyo kwa kila tundu, hata la skrubu ndogo, na zaidi ya yote kwa kijibomba cha kutolea maji, kilicho chini kabisa na kinacholowa kila siku. Kama kile cha zamani kilikuwa cha shaba nyeupe au ya njano, weka cha plastiki au alumini.

Kila utakapotaka baadaye kupachika kitu nyuma ya boti, gundisha kwanza kibao kidogo cha plastiki kwenye tezi na uzifunge skrubu kwenye kibao hicho. Tundu ambalo hujalitoboa halihitaji kuzibwa.

Kurudisha ubao ni rahisi ukishafika hapa. Paka gundi ya kuziba ya poliuretheni, ya aina ya Sikaflex ya boti, kuzunguka kingo na kila tundu. Silikoni ya bafuni inayonuka siki iache dukani. Ile harufu ni asidi, na asidi haipatani na bati, tena mahali ilipopakwa hapashiki tena rangi wala gundi nyingine. Bolti ziwe za stenlesi, kila moja ikiwa na washa pana, na kwa ndani weka bamba la alumini badala ya washa peke yake ili mzigo usambae. Kwa kuwa stenlesi nayo huila alumini ikilowa chumvi, gundi ile ipakwe pia chini ya kichwa cha bolti na chini ya washa, pasibaki mahali chuma kinapogusana na bati kikavu. Kwenye mabano, ribiti ngumu za alumini zinazogongwa na watu wawili, mmoja na nyundo na mwingine akishikilia chuma kizito nyuma, ndizo imara. Ukitumia popu riveti, ziwe zenye kichwa kilichozibwa na zisiwe na shina la chuma cha kawaida. Kaza bolti kiasi gundi ianze kutokeza, acha usiku kucha ishike, kisha malizia kukaza.

Injini inaporudi, angalia kimo. Lile bamba pana lililo juu kidogo ya propela likae usawa wa tumbo la boti au sentimita mbili tatu chini yake. Injini za mguu mfupi zimetengenezwa kwa tezi ya sentimita 38 hivi, za mguu mrefu sentimita 51, kwa hiyo ukiwa umebadilisha kimo cha tezi bila kujua, ndipo utakapogundua. Usichukue nafasi hii kupandisha ukubwa wa injini. Ubao mpya haubadilishi bati wala mbavu, na kibao cha kiwandani kinachotaja nguvu ya juu kabisa bado kinasema kweli. Waya wa hasi wa betri usifungwe kwenye mwili wa boti.

Jaza maji ndani ya boti ikiwa bado nchi kavu, yafike juu ya kijibomba, uone yanakotoka. Baada ya safari mbili tatu za kwanza kaza tena bolti za injini. Ukiivuta kwa trela kwenye barabara ya vumbi, usiiache injini imeinuliwa ikining'inia kwa tezi peke yake. Itegemeze kwa mti hadi kwenye chasisi ya trela, kwa sababu kilomita 50 za makorongo huisulubu tezi kuliko mwezi mzima wa mto. Na kama boti yako hubeba abiria, mwite mkaguzi wa TASAC ukiwa Tanzania, au wa Mamlaka ya Bahari ukiwa Kenya, kabla ya kuirudisha kazini, na umwonyeshe zile picha za simu, kwa sababu kazi uliyoifanya ndani hataweza kuiona kwa nje.